Fomu Ilitaka Jina la Mkwe

Fomu ya Ustawi wa Jamii ilikuwa na kurasa nne, na niliijaza yote kwa siku mbili isipokuwa mstari mmoja. Mstari huo ulisema: jina kamili la mtu mzima atakayebaki na mtoto mchana. Mtu huyo tulikuwa naye. Alikuwa ameketi nyuma ya nyumba yangu, hatua kama kumi na tano kutoka kwenye meza yangu ya useremala, anachambua maharage kwenye ungo. Jina lake nalijua tangu mwaka nilipoposa. Lakini alikuwa mama mzaa mke wangu, na kwetu mkwe hatajwi jina.

Nieleze vizuri, maana wapo watakaosema huyu mzee alikuwa mshamba tu. Huenda nilikuwa. Sisi tuliolelewa na watu wa zamani, mkwe tunamheshimu kwa kupishana naye. Hamlali chini ya paa moja, hamli pamoja, hampeani mikono, hamtazamani usoni. Mkikutana njiani, mmoja anaingia kwenye majani mpaka mwenzake apite. Na jina halitamkwi, yeye la kwangu wala mimi la kwake. Si chuki. Huyu ndiye aliyekupa mke, utamzoea vipi kama mtu wa kilabuni?

Basi pale penye mstari niliandika kwa penseli, "Mama mzaa mke wangu." Nikasoma. Nikafuta. Nikaandika tena vilevile.

Nisijipake mafuta: wazo la kumchukua mtoto halikuwa langu. Lilikuwa la mke wangu. Yeye alikuwa anauza uji kwenye geti la hospitali, kwa wale wanaouguza ambao ndugu zao wako mbali. Anatoka hapa Mkolani alfajiri na ndoo yake yenye mfuniko, na wanaposhindwa kutoka nje anawapelekea hukohuko wodini. Huko ndiko alikomkuta binti wa miaka mitatu hivi. Mama yake aliletwa mgonjwa kutoka upande wa pili wa ziwa, akafa siku ya nne, na aliyemleta hakurudi. Redio ilitangaza wiki nzima baada ya matangazo ya vifo. Hakuna aliyejitokeza. Mtoto akawa wa wodi. Manesi wanamwogesha kwa zamu, analala popote penye kitanda kitupu, na asubuhi anamngoja mke wangu mlangoni na kikombe chake cha plastiki mkononi. Alikuwa anamwita Mama Uji.

Mke wangu aliniambia habari zake kwa miezi miwili bila kuomba kitu. Hapo ndipo ningepaswa kujua. Mwanamke akikueleza jambo moja jioni hadi jioni na hataki kitu, ujue kitu kinakuja.

"Wanatafuta walezi," akasema siku moja. "Si wa kumchukua moja kwa moja. Wa kumlea huku wanatafuta ndugu zake."

"Sisi wazee," nikasema. "Wanetu wawili wameshaenda zao."

"Ndiyo maana chumba kipo."

Wakati huo nilikuwa na mashaka na kila kitu changu. Nilikuwa mpima pamba wa chama cha ushirika kwa miaka kumi na tisa. Wanunuzi binafsi walipoingia, ghala letu likafungwa, nami nikarudi nyumbani na shukrani na daftari. Useremala nilijifunza ukubwani, na viti vyangu vya kwanza vilikuwa na mguu mmoja mfupi. Mtu wa namna hiyo anampa mtoto nini?

Akanichukua Jumapili kwenda kumwona. Daftari langu, ambalo sasa naandikia mambo ya nyumbani, linasema Jumapili, yeye anasema ilikuwa Jumamosi, na katika mambo ya siku yeye huwa sahihi kuliko mimi. Mtoto alitoka chini ya meza ya manesi. Hakunisalimia. Akaushika mkono wangu, akautazama, akaona vidole vina gundi iliyokauka, akaanza kuibandua kipande kimoja kimoja. Alifanya kazi hiyo kwa makini sana, ulimi nje. Alipomaliza mkono wa kulia akadai wa kushoto.

Kesho yake nikaanza kupasua mbao za kitanda.

Afisa wa Ustawi alikuwa dada wa miaka kama thelathini, mgeni wa mkoa huu, mpole lakini hakosei hatua. Alitupa orodha ya mambo. Kupimwa kifua na damu, wote wawili. Barua ya serikali ya mtaa. Ushahidi wa ndoa. Barua ya kanisani. Mtoto awe na kitanda chake na chandarua chake. Choo kiwe na mfuniko. Vyombo vya kazi vya baba viwe juu. Na mchana, mama akiwa kwenye uji, abaki mwanamke mtu mzima nyumbani.

"Mimi nipo nyumbani," nikasema. "Nafanya kazi uani."

"Baba, wewe una misumeno," akasema. "Ukishaanza kukata mti, mtoto utamsikia?"

Nikafikiri. Kwa kweli nikikata mti hata mvua siisikii mpaka ninyeshewe. Nikamwambia ana haki.

Kupimwa tulipimwa. Siku ya kuchukua majibu ya damu tulitembea bila kuongea njia nzima, na miaka ile kila mtu alikuwa anajua kwa nini. Majibu yalipotoka mazuri mke wangu alinunua soda moja, tukainywa kwa zamu.

Barua ya mtaa ilinipa tabu ya aina nyingine. Zamani mambo yote yalikuwa kwa balozi wa nyumba kumi. Vyama vingi vilipokuja, ofisi ikasema balozi ni mtu wa chama, barua iandikwe na mwenyekiti wa mtaa. Nikaenda kwa mwenyekiti, akagonga mhuri. Lakini balozi ndiye aliyetujua, ndiye aliyekuja kwenye msiba wa baba yangu, sasa nimpite mlangoni kama simwoni? Nikaenda na kwake. Akanuna, kisha akaandika barua ndefu kuliko ya mwenyekiti, ya kurasa mbili, akinisifu mambo ambayo mengine sikuyafanya. Nikamwomba ayafute mawili. Akasema, "Wewe bwana, hata kusifiwa hujui." Nikayafuta mwenyewe nyumbani kwa wembe. Ofisini waliichukua barua ya mwenyekiti na ile nyingine wakanirudishia. Ninayo mpaka leo.

Ndoa yetu ilikuwa ya ng'ombe, haina cheti. Tukala kiapo mahakama ya mwanzo, na mjomba wa mke wangu akaja kushuhudia idadi ya ng'ombe. Akasahau mmoja. Nikamkumbusha, maana ni yeye aliyempokea.

Likabaki la mwanamke wa mchana. Ndugu zangu wa kike wote wameolewa, wana miji yao. Mke wangu akasema, "Mama yupo peke yake huko ng'ambo ya ziwa. Baba alishafariki. Atakuja."

"Aje akae wapi?"

"Ujenge."

Nikajenga. Kajumba ka chumba kimoja nyuma ya nyumba, tofali za udongo, bati nane za mtumba, na mlango umegeuzia mgongo mlango wangu ili tusije tukafungua asubuhi tukakutana uso kwa uso. Mkwe mwenyewe ndiye aliyeagiza hivyo, kwa kumtuma mtu. Akavuka na kivuko cha Busisi na mkeka wake, chungu kimoja na kuku jike wa rangi ya kijivu.

Huyo kuku ndiye aliyekuwa mkalimani wetu. Nasema ukweli. Mke wangu akiwa kazini tulibaki wawili tu pale, na watu wawili hawawezi kukaa siku nzima bila neno. Basi mkwe anasema na kuku, kwa sauti ya kufika upande wa pili wa ukuta: "We kuku, mwambie huyo fundi mawingu ya ziwani yamekuwa meusi, aingize mbao zake." Nami naiambia randa yangu: "We randa, sema ahsante, tumesikia." Mara nyingine ananitania. "We kuku, hivi huyo fundi anatengeneza kiti au anatengeneza kuni?" Nacheka peke yangu. Katika maisha yangu sijakaa na mtu aliyenijali kwa utulivu namna ile. Chakula changu cha mchana nilikikuta kimefunikwa kwenye kona ya ukuta kila siku, na sikumwona akikiweka hata mara moja.

Haya yote sikumwambia dada wa Ustawi. Sikuona kama ni jambo la kusema. Nani anamweleza mgeni kwamba anapumua?

Akaja siku ya Alhamisi kukagua nyumba. Alitembea kutoka barabara kuu, viatu vyote vumbi, na faili kwapani. Akafunua mfuniko wa choo, akaufunika. Akatazama misumeno juu ya ukuta, akaandika. Akaingia chumbani kwa mtoto, akakiona kitanda, akasimama.

"Baba, hiki ni cha nani?"

"Cha mtoto."

"Mtoto ana miaka mitatu. Hapa atalala na ukoo mzima."

"Atakua," nikasema.

Mke wangu akafunika mdomo kwa kanga. Kweli nilikuwa nimekikata kwa kipimo cha mtu mzima, futi sita. Sikujua vipimo vya watoto, na kumuuliza mtu niliona haya. Lakini dada alicheka, akasema si kosa, akaandika. Mpaka hapo mambo yalikuwa mazuri.

Kisha akasema anataka kumwona bibi wa mchana. Wakaenda nyuma na mke wangu. Mimi nikabaki mbele, kama inavyotakiwa. Baada ya kitambo nikasikia naitwa. "Baba, njoo na wewe, tuzungumze wote pamoja."

Nilitakiwa nikatae. Au nieleze. Badala yake nikaenda, kwa sababu afisa akiita unaenda, hivyo ndivyo nilivyozoea ghalani. Nilipotokeza kwenye kona ya nyumba, mkwe akainuka, akajifunika kanga mpaka usoni, akageukia ukuta. Nami nikageukia mpera. Tukawa tumesimama hivyo, yeye na ukuta wake, mimi na mpera wangu, na dada katikati na faili.

"Bibi, huyu ni nani wako?"

"Ni mwenye nyumba," mkwe akasema.

"Anaitwa nani?"

Mkwe akakohoa tu.

"Bibi, hujui jina lake?"

"Nalijua."

"Basi litaje, bibi. Si siri."

Halafu mkwe akainama kidogo: "We kuku, mwambie huyu mgeni amenisimamisha kwenye moto."

Dada akamtazama kuku. Kisha akanigeukia mimi, nami nikawa natazama majani ya mpera kana kwamba nahesabu. "Na wewe baba, hapa kwenye mstari hukuandika jina la bibi. Anaitwa nani?"

Nikafungua mdomo. Nikaufunga.

Mke wangu akaruka: "Ni mila, dada. Ni mila yetu tu, hawatajani."

"Mama," dada akasema taratibu, "nimeambiwa mila kwenye nyumba nyingi. Nyumba moja niliambiwa mila, nikaweka mtoto, kumbe watu walikuwa hawasemezani mwaka mzima kwa ugomvi wa shamba, na mtoto ndiye aliyepigwa na pande zote mbili."

Akaandika. Akaandika muda mrefu. Ghalani mkaguzi akiandika kidogo ujue mzani ni mzima, akiandika sana ujue umekwisha. Alipofunga kalamu alituambia yaliyomo, hakutuficha, na kwa hilo namshukuru. Kwamba nyumba ni safi. Kwamba bibi anaonekana amechanganyikiwa, anaongea na kuku. Kwamba baba na bibi hawasemezani, na mtoto hawezi kuwekwa katikati ya watu wasiosemezana. Wodi inadai kitanda chake. Akikosa familia mpaka mwisho wa mwezi, mtoto atapelekwa na treni kwenye kituo cha watoto mkoa mwingine.

Mwisho wa mwezi ulikuwa umebakiza siku kumi na tatu.

Alipoondoka mke wangu hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu. Alikaa juu ya kile kitanda kirefu, akaanza kukunja chandarua.

"Ungelikohoa tu jina la mama," akasema. "Mbingu ingeanguka?"

"Na mama yako mbona hakulitaja langu?"

"Mama yangu ana miaka sabini na hajui a wala be. Wewe una darasa la nne."

Usiniulize kama alinionea. Nilijaribu kulipima hilo kwa siku tatu, kama nilivyokuwa napima magunia: upande huu naweka mkwe, upande ule mtoto. Mkwe hakuwa na kosa lolote. Aliacha nyumba yake akavuka maji kwa ajili ya mtoto asiyemjua, akakubali kukaa uani kwa mkwewe, jambo ambalo wenzake walimcheka. Nikimtaja kwa mgeni nitakuwa nimemlipa aibu. Na dada wa Ustawi naye hakuwa na kosa. Ningekuwa yeye, nikaona niliyoyaona, ningeandika vilevile, labda hata kwa ukali zaidi. Mwenye kosa nilikuwa mimi niliyejua mila pande zote mbili, ya uani na ya ofisini, nikakaa kimya nikitumaini mstari utajijaza wenyewe.

Siku ya nne nikavaa shati la kanisani nikaenda ofisini.

"Shikamoo baba," dada akasema. Alikuwa anakula mihogo ya kukaanga kwenye gazeti. Akanikaribisha.

"Marahaba. Nimekuja kwa ule mstari."

Nikamweleza yote. Kupishana njiani, mlango ulioupa mgongo mlango, kuku, randa, chakula kinachofunikwa kwenye kona. Alisikiliza akaacha kutafuna.

"Kwetu," akasema, "mkwe ndiye anayekupakulia, na usipomaliza anakasirika."

"Kwetu ndiye anayekukimbia."

Akacheka. Kisha akajifuta vidole. "Baba, nakuamini. Lakini mimi si mwisho. Fomu inakwenda kwa mkubwa wangu, na haiwezi kwenda na mstari usio na jina. Mtoto akiungua mchana nyumbani kwako, nitamtafuta nani? Nikaulize polisi, mmemwona mama mzaa mke?"

Lilikuwa swali la haki. Katika miaka kumi na tisa sikupokea gunia lisilo na jina la mwenyewe. Watu walinibembeleza, ndugu zangu kabisa, nikawaambia gunia bila jina ni mali ya wezi. Sasa nilikuwa nimesimama mbele ya meza ya mtu na gunia lisilo na jina.

"Naruhusiwa kuandika bila kusema?" nikauliza.

"Andika tu, baba."

Akanipa kalamu. Niliandika kwa herufi kubwa, zile nilizokuwa naandikia magunia, jina lake, la mume wake, na la baba wa mume wake. Nikamrudishia. Na yeye, masikini, kwa kuwa ndivyo watu wanavyofanya, akalisoma kwa sauti: jina lote, wazi, ofisi nzima ikasikia. "Ndiye huyu?"

Nikatazama sakafu. "Ndiye."

"Nitakuja Ijumaa," akasema. "Nitakuja na mtoto, akae mchana mmoja. Nataka nione, sitauliza."

Njiani nilipita sokoni nikanunua kitenge. Kwa mila, ukimvunjia mkwe heshima unamfunika na nguo. Nilikichagua vibaya, chenye maua ya njano makubwa kama sahani, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kufika kabla ya ujasiri kuniishia. Nikampa mke wangu, nikamwambia niliyoyafanya. Akaenda nyuma. Nikasikia sauti yake, ya chini.

Siku mbili kuku hakuambiwa neno. Chakula nilikikuta kwenye kona, kimefunikwa kama kawaida, lakini hakuna neno. Nilivunja mbao mbili nzuri kwa kutojua ninachofanya.

Siku ya tatu mke wangu alikuja kukaa karibu na meza yangu.

"Mama amekubali kitenge. Amesema maua ni makubwa mno kwa mjane, atakivaa akiwa amekaa."

"Amesema nini kingine?"

"Ameuliza jambo."

"Lipi?"

"Ameuliza, mwandiko ulikuwa mzuri?"

Niliweka randa chini. Nilimwambia amjibu kwamba niliandika kwa herufi kubwa, zilizonyooka, na kwamba halikufutwa hata mahali pamoja. Akaenda kumwambia. Nikamsikia mkwe kwa upande wa pili wa ukuta akisema, "Haya." Kisha, baada ya muda: "We kuku, hebu ondoka kwenye kivuli cha watu."

Ijumaa dada alikuja na mtoto. Mtoto alikuwa amevaa gauni la mtumba lililomfika kwenye vifundo, na kikombe chake mkononi. Mke wangu hakwenda kuuza uji siku hiyo, ila dada alimwambia akae jikoni asimshike mtoto ovyo, aachwe atembee. Dada mwenyewe akaketi kwenye kiti changu cha kuuza, kile kisichoyumba, akafungua faili magotini. Hakuuliza kitu, kama alivyoahidi.

Mtoto alinitambua kwa vidole. Akaja, akatazama kama kuna gundi, ilikuwepo, akaanza kubandua. Ilipokwisha akazunguka nyumba. Huko nyuma alikuta ungo wa maharage na mwanamke mzee mwenye maua ya njano. Mkwe hakumkimbilia wala kumbeba. Alisogeza ungo tu, akampa mahali pa kukaa. Hilo sikuliona, niliambiwa na mke wangu aliyekuwa anachungulia.

Baada ya kitambo mtoto akatokeza kwenye kona peke yake, akasimama mbele yangu.

"Bibi kasema chai."

"Kasema chai imefanyaje?"

Akafikiri. Akarudi kuuliza. Akaja tena. "Kasema ipo."

"Kamwambie bibi ahsante, nakuja kuichukua akiingia ndani."

Ujumbe huo ulikuwa mrefu mno kwake. Nilimsikia huko akisema, "Kasema ingia ndani." Mkwe akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka kwa sauti tangu nioe binti yake. Alikuwa na kicheko kinene, cha kifuani, kama cha mke wangu kabisa. Dada wa Ustawi naye alikuwa amekisikia. Mtoto alizunguka ile kona mara sita au saba mchana ule, na kila mara alileta kitu: kifuniko, haragwe, habari kwamba kuku ametaga.

Jua lilipoanza kuelemea ziwani dada alifunga faili. Alikuwa ameandika mistari miwili tu.

"Kumbe mnaongea," akaniambia.

"Mchana kutwa," nikasema.

Jumatatu iliyofuata tuliitwa ofisini kutia sahihi. Zilikuwa zimebaki siku mbili mwezi uishe. Dada alitusomea masharti yote, hakuruka hata moja. La mwisho lilisema kwamba tunalea kwa miezi mitatu, kisha watatazama tena; kwamba redio itaendelea kutangaza; kwamba ndugu wa damu wakipatikana na wakithibitika, tutamrudisha bila kudai kitu.

Nilisoma mwenyewe, mara mbili. Sikuwahi kutia sahihi kwenye kitu nisichokijua uzito wake.

"Na wakija kesho?" nikauliza.

"Mtampa, baba."

"Na wakija baada ya miaka mitano, ameshaanza shule?"

Dada akaweka kalamu chini. "Hata hapo tutakaa tuzungumze. Lakini ndugu ni ndugu. Siwezi kukudanganya."

Nikaona ni haki. Ilinichoma, lakini ilikuwa haki. Na mimi ningekuwa mjomba wa mtoto yule, niko kijijini sina redio, ningetaka afisa aseme hivyohivyo. Nikamtazama mke wangu. Alikuwa anaangalia nje ya dirisha, kanga ameikamata kifuani kwa mikono miwili.

"Tia sahihi, baba watoto," akasema bila kugeuka. "Ndoo ya uji nimeiacha kwa watu."

Nikatia. Yeye akaweka dole gumba. Tukaenda wodini. Manesi walikuwa wamemfungia nguo zake kwenye kitambaa, na mmoja wao alilia kisha akatufokea kwamba tusimpe samaki mwenye miiba.

Kutoka barabara kuu mpaka kwangu ni mwendo mfupi wa kupanda, kati ya mawe makubwa. Mke wangu alimbeba mgongoni, mimi nikabeba kifurushi na kikombe. Tulipofika kwenye ua wa jirani nikaona mkwe hayuko uani kwake. Alikuwa amekuja mbele ya nyumba, kwenye mlango wangu mwenyewe, amekaa na kitenge chake cha njano na beseni la maji, anamngoja mtoto. Basi mimi sikuweza kusogea. Mke wangu akaendelea peke yake. Nikasimama pale kando ya njia, nimegeukia ziwa, nikisikia nyuma yangu maji yakimwagwa na sauti ndogo ikilalamika ni ya baridi. Walimwosha miguu, wakamwosha mikono, wakaanza upya. Jua lilikuwa kali, na sikuwa na haraka.

Akapita kijana na baiskeli, akanitazama na kifurushi changu cha nguo.

"Vipi, mzee, umefukuzwa nyumbani?"

"Hapana," nikamwambia. "Tumepata mtoto."